Farasi wa Ami Nassor Kaniingiza Kwenye Shughuli ya Kina Mama

Leo heshima yangu imezikwa Kinyerezi, mchana kweupe, na waliohudhuria mazishi walipiga vigelegele.

Naandika mwenyewe humu kwenye grupu la darasa kabla hamjasikia kutoka kwa Side na wana wa mtaani. Wale wakisimulia wataongeza chumvi, na hii ishu haihitaji chumvi. Sukari yenyewe imezidi.

Kwa nyie wa Kinondoni msiojua maisha yangu ya huku: jirani yetu ni Ami Nassor, mzee wa Kiarabu mwenye duka la nafaka Tandale. Wazee wengine wakipata nafasi hununua ng'ombe wa maziwa. Ami alinunua farasi. Farasi anaitwa Upepo. Jina hilo alipewa na mtu ambaye hakuwahi kumwona akitembea.

Mie nikitoka shule naendaga kwa Ami. Nilianza kwa kuzoa mavi (chekeni sasa mmalize, mbele kuna makubwa), nikapanda cheo taratibu mpaka nikafika juu ya tandiko. Likizo ijayo kuna mbio ndefu za farasi upande wa Bagamoyo, na Ami anampeleka Upepo. Si mbio za kufukuzana kama kwenye filamu. Ni safari ya kutwa nzima. Kila kituo kuna daktari wa mifugo anayempima farasi mapigo ya moyo; akikuta umemchosha, mnarudi nyumbani ndani ya lori kama viazi. Kwa hiyo farasi lazima ajue kutembea. Kutembea tu, lakini hatua ndefu, za haraka, za kufululiza, bila kuingia kwenye zile mbio ndogo za kudundadunda.

"Kukimbia kila farasi kazaliwa anajua," Ami husema. "Kutembea ndiyo skuli."

Farasi mmoja, wapandaji wawili. Mie na Rahma. Rahma ni mjukuu wa Ami, yupo kidato cha tatu kama sie, na ni mtu wa maneno machache kiasi kwamba ukimsalimia unahisi umemsumbua. Yeye anamtembeza Upepo asubuhi kabla ya shule. Mie jioni. Leo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya Ami kuamua nani ataketi juu ya farasi huko Bagamoyo, na nani atabaki anazoa.

Sasa kuna njia ya Ami ya kumfundisha farasi kutembea. Unakaa umetulia. Unasikiliza tumbo la farasi linavyoyumba chini yako. Likienda kulia, unalibonyeza kidogo kwa mguu wa kushoto. Likienda kushoto, mguu wa kulia. Unamwachia kichwa anyanyue na kuinamisha anavyotaka. Akianza kudunda, unamrudisha polepole, mnaanza upya. Hivyo hivyo, kila siku. Kuna vipindi vya logariti vinavyosisimua kuliko hiyo.

Mie nikagundua njia yangu.

Pale njia panda ya kwenda kwenye mitambo ya gesi kuna braza Chande, mtu wa Lindi, anauza juisi ya miwa kwenye toroli. Siku moja nilisimama kupoza koo, Chande akampa Upepo kipande cha muwa. Upepo alikitafuna huku amefumba macho. Kesho yake, jamani, yule mnyama aliyekuwa anatembea kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini akaanza kutembea kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani! Masikio mbele, shingo inacheza, hatua ndefu. Hadundi, maana akidunda nilikuwa namsimamisha, na kusimama kunachelewesha muwa. Alielewa hesabu hiyo haraka kuliko nilivyoelewa mie hesabu yoyote.

Jioni moja Ami akatukuta njiani akitoka dukani. "Mashaallah, Dastani! Umemfanyaje?"

"Miguu tu, Ami. Kulia, kushoto."

(Nyie mngejibu nini?)

Basi leo. Kabla sijatoka nyumbani nikaweka picha yangu na Upepo kwenye status na maneno: "Leo mtamjua jokei." Side akajibu kwamba atakuwa kwenye kona ya duka la Mangi na wana wote, wanisubiri nirudi nipite mbele yao. Nikamwambia aje na miwani ya jua, nitang'aa.

Ami kakodi bajaji. Yeye nyuma, Rahma pembeni yake na simu ya kurekodia hatua. Mie mbele juu ya Upepo, nimechomekea fulana, mgongo umenyooka kama bendera ya shule.

"Sikiliza, mwanangu," Ami akasema. "Unakwenda mpaka njia panda, unapitiliza mpaka kwenye uzio wa mitambo, unarudi. Asidunde. Asisimame. Nataka kuona mwendo tu. Umenifahamu?"

Hilo neno "unapitiliza" sikulipenda. Siku zote sie tunaishia njia panda. Lakini nikajiambia, tukifika pale Upepo atakuwa kashapasha moto, atapita tu. (Ndiyo. Niliamini hivyo. Kichwa hiki hiki ndicho ninachotegemea kuingia nacho kidato cha nne.)

Tukaanza. Na wallahi, kama mbio zingeishia njia panda, saa hizi ningekuwa nasaini madaftari. Upepo alitembea kama maji kwenye bomba. Bodaboda walipunguza mwendo kututazama. Nyuma yangu nasikia Ami: "Rekodi, Rahma, rekodi! Ona mguu wa nyuma unavyokanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele! Ona!" Mie nikawa nasogeza miguu yangu kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa madaha, kama dereva anayeshika usukani wa gari linalovutwa.

Tukafika njia panda.

Toroli halipo.

Halipo kabisa. Pale panapokaaga toroli pana maganda makavu mawili na paka. Upepo akamtazama paka. Akanitazama mie kwa jicho moja. Sijawahi kutazamwa vile hata na mtu anayenidai.

"Asisimame!" Ami akapaza sauti.

"Anafikiria tu, Ami!"

Hapo ndipo tuliposikia kengele. Mnajua zile mashine za miwa zina vikengele kwenye gurudumu, zikizungushwa zinalia njenjenje. Sauti ikatoka mtaa wa pili, mkono wa kulia, ndani ya maturubai makubwa yaliyozungushiwa mapazia ya kanga kila upande. Nje kuna rundo la viatu vya kike. Ndani ngoma inalia.

Masikio ya Upepo yakasimama kama mikono ya wanafunzi wa mbele darasani.

Nikavuta hatamu kushoto. Akageuka kulia. Nikavuta kwa mikono miwili. Akageuza kichwa kushoto kwa adabu, kiwiliwili kikaendelea kwenda kulia. Na nataka niseme hili kwa haki yake: hakudunda. Hakukimbia hata hatua moja. Alikwenda kwa ule mwendo, mrefu, wa kufululiza, mwendo ambao Ami amekuwa akiuota maisha yake yote, moja kwa moja mpaka kwenye pazia.

"Dastani! Dastani, hiyo shughuli ya wanawake! Rudi!"

"Naru..."

Pazia likanifunika uso, likapita kichwani, likaangukia nyuma. Nikawa ndani.

Kina mama kama kijiji kizima. Wote sare, madera ya zambarau. Katikati kwenye mkeka kakaa mwali kafunikwa kanga. Mbele yake kasimama bibi mmoja mrefu, kungwi mwenyewe, kashika upawa. Ngoma ikakatika ghafla.

"Mwanamume!"

"Astaghfirullah! Mwanamume!"

"Na punda!"

"Siyo punda," nikasema. (Katika mambo yote ya kusema, nilichagua hilo.)

Watu wakaanza kuvuta kanga, watoto wakalia, mama mmoja akanirushia kipande cha andazi kikampata Upepo puani, Upepo akakila. Halafu sauti nyembamba ikapigwa kutoka nyuma: "Jamani ni wakwe! Wakwe wametuletea farasi!"

Vigelegele! Hema lote! Wapiga ngoma wakarudi kazini. Mama wa dera lililopasuka bega akaanza kucheza mbele ya Upepo kwa mbwembwe, na Upepo, ambaye anachotafuta ni kimoja tu duniani, akampita pembeni kistaarabu.

Kungwi hakupiga kigelegele. Alinitazama kuanzia viatuni.

"Bwana harusi ndo huyu? Mbona kadogo?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We nani?"

"Dastani, bibi. Mtoto wa mchonga vinyago wa pale kwa Mangi. Nilikuwa napita."

"Ulikuwa unapita. Ndani ya shughuli ya mwali wangu."

Wakati huo Upepo kafika alikokuwa anakwenda. Pembeni ya hema, mgongo ametupa sie kwa heshima ya shughuli, braza Chande, mwanamume pekee aliyeruhusiwa, anakamua miwa ya wageni. Upepo akashusha kichwa chini kwenye rundo. Kwa wasiojua farasi: kichwa kikishuka ghafla, shingo inakuwa mtelezo. Sikuanguka. Nilishuka kwa njia ya shingo, polepole, na kila mtu akapata muda wa kutazama. Nikaishia kwenye ndoo ya juisi. Ndoo ilikuwa imejaa.

"Mjomba!" Chande akafurahi kuniona. "Leo mmekuja huku!"

Kutoka nje ya pazia sauti ya Ami ikaingia. Mzee wa watu hawezi kutia mguu ndani ya shughuli ya wanawake, kwa hiyo alikuwa anasimamia mtihani kwa masikio.

"Dastani! Anatembea au kasimama?"

"Kasimama, Ami."

"Usimwachie asimame!"

"Anakula, Ami."

"Anakula nini?"

Nilikuwa natafuta neno. Chande akanisaidia, kwa moyo safi kabisa, kwa sauti ya mtu anayesifia biashara yake:

"Miwa, mzee wangu! Huyu farasi mteja wangu wa kila siku! Asipopata muwa wa hapa hatembei! Kijana hajakwambia?"

Nje nikamsikia Ami: "Rahma, zima simu. Nipe hapa."

Nikainuka nikiwa nadondosha juisi, nikasema kwa unyenyekevu, "Basi kina mama, samahani, mie natoka."

"Utoke uende wapi?" Kungwi akanizibia njia kwa upawa. "Humu anaingia kungwi au anaingia mwali. Wewe kungwi?"

"Hapana, bibi."

"Haya. Mwali kaa chini."

Nikafunikwa kanga. Nikaketishwa mkekani kando ya mwali mwenyewe. Akanong'ona kutoka ndani ya kanga yake, "Afadhali umekuja, mie mikono inaniuma." Na hapo ndipo nikaijua siri kubwa. Miaka yote tunaambiwa mwanamume haruhusiwi kule ndani, mie na Side tumeshakesha tukibuni wanafanyaga nini. Wanangu, wanafundishana kukuna nazi. Pengine na mengine yapo, lakini zamu niliyoikuta mie ilikuwa nazi.

Wakanipa mbuzi. Nikaikalia. Nikakuna.

"Nazi gani hiyo? Unakuna au unaichokoza?"

"Machicha mapana kama maranda ya mbao! Huyu mtoto wa fundi kweli!"

"Mumeo atakula wali wa vijiti!"

Wakati wananicheka, mama wa dera lililopasuka bega, yule aliyekuwa anacheza, akasogea aone vizuri. Akainama. Nikainua uso. Tukatazamana.

Madamu Kapinga. Mwalimu wetu wa nidhamu. Huyo huyo.

"Dastani?"

"Shikamoo, madamu."

Tukakaa hivyo, mie nimevaa kanga na kifuu mkononi, yeye na kitambaa kiunoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa na nguo ya shule ya kumlinda.

"Umeona nini humu?" akaniuliza kwa sauti ile ya mstarini.

"Nazi, madamu."

"Nakuuliza tena."

"Sijaona hata nazi, madamu."

"Endelea kukuna."

Kumbe pazia limefunguliwa, Rahma kaingia. Kavua viatu nje, kajitanda vizuri, anawasalimia kina mama mmoja mmoja, anawabusu mikono wakubwa. Kungwi akalainika kama siagi. "Haya ndo malezi," akasema, akinitazama mie, kana kwamba mie nililelewa na Upepo.

Rahma hakunisemesha. Akamwendea Upepo, ambaye saa hiyo muwa umemchomoza mdomoni pande zote mbili. Akapanda. Nikasubiri kwa hamu, nikiri, aaibike na yeye. Hatoki huyo, nikawaza. Mbele yake kuna rundo zima.

Rahma akakaa. Akatulia. Akasubiri kama anasikiliza kitu. Halafu mguu wa kushoto, kidogo. Mguu wa kulia, kidogo. Kushoto. Kulia. Upepo akanyanyua kichwa. Akatafuna kipande cha mwisho. Akageuka, akaanza kutembea kuelekea nje, akiacha miwa nyuma yake kwa ule ule mwendo aliokuja nao. Hema likalipuka vigelegele mpaka mwali akafunua uso kuchungulia.

Kungwi akaniruhusu nitoke, maana nazi yangu, alisema, inamharibia mafunzo. Kanga sikuvua. Fulana ilikuwa imelowa juisi yote, inanata, nzi wameshapeana taarifa. Bibi akasema, "Nenda nayo, mwanangu, mama yako atairudisha."

Nje Ami kaketi kwenye bajaji, mikono juu ya fimbo.

"Rahma, wewe asubuhi unampa muwa?"

"Hapana, Babu. Namtembeza upande wa kule bondeni. Kule hamna kitu."

Ami akatikisa kichwa juu na chini taratibu. Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Alisema tu, "Rahma utampanda Bagamoyo. Twende nyumbani."

Nikaomba nipande bajaji. Dereva akaitazama fulana yangu, akatazama kiti chake, akasema, "Dogo, tembea."

Nikaanza kutembea mbele. Upepo akanusa. Nikasikia kwato nyuma yangu zinabadilika. Nikageuka: shingo imenyooka, masikio mbele, macho yananiangalia mgongoni kwa mapenzi ambayo sikuyaomba. Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza. Nikatembea haraka sana. Akatembea haraka sana. Nikataka kukimbia, Ami akapiga kelele kutoka kwenye bajaji:

"Usikimbie, Dastani! Ukikimbia atadunda! Tembea! Hivyo hivyo! Rahma, unausikia huo mwendo?"

"Nausikia, Babu!"

"Rekodi! Aa, simu ninayo mimi. Narekodi mwenyewe!"

Basi nikatembea. Mtaa mzima wa Kinyerezi unaniona: mbele mie ndani ya kanga, nimelowa, nzi juu. Nyuma yangu farasi anayenilamba shingo kila nikipunguza. Juu yake Rahma kanyooka kama malkia. Mwisho bajaji na mzee anayeshangilia. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake, "Mama, yule kafanya nini?" Mama akamwambia, "Usimwangalie."

Kona ya duka la Mangi. Side yupo. Wana wote wapo. Na miwani ya jua, kama nilivyoagiza.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Walikuwa wanajaribu kuelewa. Nikapita mbele yao bila kugeuka, nikitazama mbele kama askari wa gwaride. Tatizo la kanga ni kwamba ina maneno, na mie sikuwa nimeyasoma. Side aliyasoma. Kwa sauti. Taratibu, kama anasoma ubao:

"Semeni mchoke, mwenzenu nishaolewa."

Hapo wakaanguka. Mmoja alikalia kreti ya soda, ikapinduka naye. Mangi mwenyewe alitoka dukani kushuhudia. Na nilishindwa hata kusimama niwajibu, maana nikisimama nalambwa.

Tulipofika kwa Ami, mzee akashuka kwenye bajaji anafuta machozi. Sijui ya nini, sikuuliza. Akaniwekea mkono begani, akauondoa haraka, ukanata kidogo.

"Dastani, mwanangu. Nimebadili mawazo. Na wewe utakwenda Bagamoyo."

Moyo ukaruka. Nikasema, "Tutapokezana na Rahma?"

"Hapana. Kule mwisho farasi huwa wamechoka, hawataki tena kutembea. Nitakusimamisha wewe hatua za mwisho, umepakwa juisi. Unatangulia, Upepo anakufuata mpaka kwenye kamba ya kumalizia."

Rahma, mtu wa maneno machache, akaongeza lake la leo: "Na ile kanga uje nayo. Ameshaizoea."

Kwa hiyo, ndugu na jamaa, nimechaguliwa kwenye timu. Rahma ni mpandaji, Ami ni mwalimu, Upepo ni farasi, na mie ni muwa.

Anayetaka kucheka achekee kwao leo amalize. Jumatatu darasani sitaki kusikia mtu anatafuna.